Tusafiripo na Rafiki Kwenda Sikukuu
(Luka 2:41-52)

Vijana wa Arash wametuuliza kama ni halali kusafiri na rafiki zao mpaka Unguja, kwenye sherehe ya Sauti za Busara, iliyoanza katika Mji Mkongwe mwaka 2004. Twajibu: kwenda sikukuu si dhambi. Bwana wetu naye alipanda Yerusalemu, umri wake miaka 12. Lakini wazazi wake walitembea siku nzima kabla ya kumwulizia, maana walimdhania yu pamoja na jamaa. Basi ninyi msidhani. Kila jioni salini pamoja, mkaulizane habari. Fikeni na Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa hata mwaka 1873. Pale waliuzwa watu wasio na ndugu wa kuwaulizia. Rafiki asipotee kati ya rafiki zake.