Besi Isiyokuwepo
Spika ndogo za kompyuta mpakato hazisukumi hewa ya kutosha kutoa besi, yaani sauti nzito za chini, na dreva, programu inayouunganisha mfumo endeshi na kifaa cha sauti, inapoharibika, marekebisho yake ya sauti yaliyoficha udhaifu huo hutoweka. Baadhi ya marekebisho hayo huongeza mawimbi ya hezi 100, 150 na 200, na ubongo ukasikia noti ya hezi 50 ambayo spika haikuitoa kabisa. Pengo hili kati ya kifaa na hisia linamkumbusha mtu mwanafalsafa John Locke (1632–1704), aliyetenganisha sifa za vitu vyenyewe, kama umbo, na zile, kama sauti, ambazo ni uwezo wa vitu kuamsha hisia kwa mwanadamu. Kusikia, basi, ni kazi ya akili pia, na anayetafuta ukweli asitosheke na ushahidi wa sikio peke yake.