Kupokea Msaada Si Kuvunja Heshima

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wengi huuliza: mtu akipatwa na maradhi mazito, naye ana imani na Mola wake, je, yafaa anyooshe mkono apokee msaada wa watu, au subira ya kweli ni kunyamaza na kuuchukua mzigo wake peke yake?

Na utazamwe mfano. Mwanamke wa Kasulu au Kibondo, katika milima ya Kigoma, huona uvimbe katika titi lake. Huuficha kwa haya, na pengine mumewe naye humwambia aufiche. Hata uvimbe ukizidi, huambiwa kuwa ni saratani, na kwamba mionzi ya kuitibu iko mbali: Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo upitao kilomita 1,000.

Wala matibabu si ya siku moja. Wengi hupasuliwa, wengi hutiwa dawa mshipani kwa mafungu, na baina ya fungu na fungu hupita majuma mawili au matatu. Mionzi nayo huwa takriban killa siku kwa majuma kadhaa. Nywele hupukutika, chakula humchukiza, nguvu humwishia. Aliyetolewa tezi za kwapani huweza kuvimba mkono. Nani basi atalima maharage yake, atateka maji, atawatazama watoto? Hapo ndipo asemapo: "Sitaki kuwa mzigo kwa watu." Akakatiza dawa, akarejea kwao, na maradhi yakaenea.

Huenda mtu akatoa hoja kwamba Abdurrahman bin Auf, alipohamia Madina, alipewa nusu ya mali ya ndugu yake Saad bin Rabii, naye akakataa, akataka aonyeshwe soko tu. Hoja hiyo ni njema, lakini si mahali pake. Abdurrahman alikuwa mzima wa mikono na miguu. Na huko sokoni ilibidi aonyeshwe njia. Mgonjwa soko lake ni hospitali, na kumfikisha huko ndiko kumwonyesha njia.

Aliye mfano wa mgonjwa ni Saad bin Muadh, mkubwa wa kabila la Aus. Alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, aliwekwa msikitini katika hema la Rufaida, mwanamke aliyekuwa akiwauguza majeruhi. Mkubwa wa kabila alilala akauguzwa mbele ya watu, na heshima yake haikupungua hata chembe.

Tena watu wa Kasulu wanayo hoja nyumbani kwao. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika nchi yao kwa wakimbizi wa Kongo, na baadaye Warundi nao wakaingia humo. Je, yuko mwenye akili asemaye kwamba mkimbizi aliyepewa hifadhi amepoteza utu wake? Ikiwa hayuko, basi kwa nini mwenyeji ajione amepoteza utu wake siku maradhi yanapomfanya yeye kuwa mhitaji?

Kwa hivyo anayekataa msaada kwa kujihadhari na aibu hujidhuru nafsi yake, na huwafungia wenzake mlango wa thawabu. Lakini mwenye kutoa naye ana adabu zake: asimsimange, asitangaze siri ya mwili wake, wala asimshurutishe kuacha dawa kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa nauli.

Na wanaume wa Pwani wasidhani khabari hii ni ya bara tu. Mgonjwa wa Kibondo akishuka Dar es Salaam huwa ni mgeni wao. Chumba cha kulala na uji wa asubuhi huenda vikawa ndivyo vitakavyommalizisha dawa. Na nyumbani mwao pia, mume ajuapo kwamba mkewe ana uvimbe, haya yake isiwe sababu ya kuchelewa. Maradhi haya hayaambukizi, na mara chache huwapata hata wanaume.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, na awape wazima mioyo ya kutoa na ya kupokea. Amin.