Mwalimu, Je, Nitapata?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, vijana wa hapa Lupiro huja nyumbani kwetu na karatasi mkononi. Huamkia, huketi, kisha huuliza: "Mwalimu, je, nitapata nafasi ya udaktari?" Kwa muda mrefu tulidhani kuwa hilo ni swali la hesabu tu. Sasa twaona ni swali la dhamiri pia, nalo lamhusu anayejibu kama limhusuvyo anayeuliza.

Tuanze na hesabu, maana haikwepeki. Aombaye shahada ya udaktari katika nchi yetu hutakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa jumla ya pointi zisizopungua 6, na vyuo hutazama pia daraja la kila somo. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Basi mwenye D tatu amefikisha 6. Lakini pointi 6 ni ruhusa ya kubisha hodi, si ruhusa ya kuingia. Viti ni vichache, na mlangoni hapo hapo wamesimama wenye pointi 12 na hata 15.

Katika kujibu swali hili tumekosa mara mbili, nasi twaungama hapa.

Kosa la kwanza lilikuwa kwa kijana aliyetujia na alama hafifu. Baba yake alikwisha tangaza kijiji kizima kwamba mwanawe atakuwa daktari. Tuliona haya kumvunja moyo, tukamwambia, "Mungu ni mwema, wewe omba tu." Aliomba mwaka ule, akaomba na uliofuata. Mpunga wa akiba uliuzwa apate nauli na ada za maombi. Siku zile daraja la Kilombero lilikuwa bado halijajengwa, akavuka mto kwa pantoni kwenda na kurudi. Mwaka wa tatu aliacha kuja kanisani kwa aibu. Sisi tulikuwa tumelitaja jina la Mungu ili kuuficha woga wetu.

Kosa la pili lilikuwa kinyume chake. Binti mmoja wa kidato cha pili alituambia kuwa anataka udaktari. Tukatazama alama zake za Kemia, tukamshauri achague masomo ya sanaa. Hatukujiuliza alama zile zilipima nini. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulituletea shule nyingi za kata, jambo la kushukuru. Lakini nyingi zilianza bila maabara, na walimu wa sayansi walikuwa haba. Binti yule hakuwahi kuona kemikali ila kwenye picha ya kitabu. Tuliona upungufu wa shule, tukauita upungufu wa mtoto.

Makosa haya mawili yana mzizi mmoja. Tulichanganya nafasi ya mtu na mtu mwenyewe. Nafasi ni jambo la alama, viti na wanaoshindana. Mwaka huu yaweza kuwa ndogo, mwakani kubwa. Thamani ya mtu haimo katika hesabu hiyo. Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, kwamba yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Anayehesabu ni mjenzi mwenyewe. Jirani aweza kumshikia taa. Hana ruhusa ya kuongeza sarafu za uongo, wala ya kumwambia kuwa hakuumbwa kujenga.

Huenda mtu akasema kwamba ukweli huua tumaini. Twaona kuwa kinachoua tumaini ni ukweli ulioachwa nusu. Mwenye kusema "nafasi yako ni ndogo" yampasa aendelee kusema njia nyingine iko wapi. Kule Ifakara mafunzo ya waganga wasaidizi wa vijijini yalianza mwaka 1961, na mwaka 2010 kilifunguliwa chuo cha tiba chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Iko Stashahada ya Utabibu ya miaka 3, ambayo hata mhitimu wa kidato cha nne aliyefaulu masomo ya sayansi huweza kuiomba. Naye akifanya vizuri, mlango wa shahada haujafungwa. Tena mtoto akishikwa na homa usiku, anayempokea zahanati mara nyingi ni tabibu au muuguzi.

Kwa hiyo siku hizi, baada ya hesabu, nasi huuliza: "Mwanangu, ukikosa jina la daktari, bado utataka kumhudumia mgonjwa?" Akijibu ndiyo, twatafuta njia pamoja. Akisitasita, hatumlaumu. Kutaka heshima si dhambi, ila ni vema mtu ajue anachokitafuta.

Yule binti sasa ni mama wa watoto. Mwaka jana tulimwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba bintiye yuko kidato cha kwanza na anaipenda Kemia. "Akija kwako, Mwalimu, mwambie kweli." Tumeahidi. Lakini kabla ya kutazama alama zake, tutauliza kwanza kama shuleni kwake kuna maabara.