Konzi Moja ya Unga

Andiko kuu: 1 Wafalme 17:8–16. Soma pia: Luka 4:25–26 na Wagalatia 6:10.



Kila Jumapili mnanisikia nikisema, "Geuka umwambie jirani yako." Nanyi mnageukia aliyeketi kando yenu. Leo twende mbele kidogo. Jirani ninayemzungumzia hayuko kwa hicho kiti. Ni yule wa mlango wa pili kwenye ploti unakolala, yule mnayeanika nguo kwa kamba moja na kupanga foleni ya maji pamoja. Pengine Jumapili haji hapa. Pengine Ijumaa anaenda msikitini. Neno la leo linamhusu huyo.

Nalileta kwa sababu kuna swali limefika mbele ya wazee wa kanisa. Tangu tuanze kuweka kikapu cha unga pale mlangoni, watu wanauliza: chakula hiki ni cha washirika peke yao, ama ni cha yeyote aliyelala njaa? Wanaouliza si watu wabaya. Wameona unga ni kidogo na wenye njaa ni wengi. Mama akitoa pakiti moja kutoka kwa chakula cha watoto wake, ana haki ya kuuliza inaenda wapi. Kwa hivyo tusimkemee mtu. Tuangalie Neno.

Mnamjua Eliya. Mvua imefungwa, kijito cha Kerithi kimekauka, na Mungu anamwambia aondoke. Aende wapi? Israeli ilikuwa na wajane wengi, watu wa imani yake. Lakini Mungu anamvusha mpaka, anampeleka Sarepta, nchi ya Sidoni. Sasa sikiza: Yezebeli alitoka wapi? Sidoni hiyohiyo! Nchi iliyomtoa malkia aliyewaua manabii ndiyo Mungu alimwekea nabii wake sahani ya chakula.

Na huyo mama mwenyewe? Anaokota kuni mbili tatu, apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe wale, wangojee kufa. Ana konzi moja ya unga. Akimjibu Eliya, anamtaja Bwana kama Mungu wa Eliya. Hajasema ni wake. Hata hivyo anawasha moto na kuoka mkate.

Tukisoma hapa huwa tunajiweka upande wa mwenye kutoa. Soma tena. Katika habari hii, mtu wa Mungu ndiye aliyebisha hodi. Aliyekuwa na njaa ni nabii. Aliyetoa ni mtu wa nje.

Sasa tuje hapa kwetu, kwa sababu Sarepta iliwahi kuwa Pumwani.

Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na shida ikatembea dunia nzima. Bei ya kahawa, mkonge na mahindi ikashuka. Kenya ilikuwa tayari imepigwa na nzige tangu 1928, na ukame pia. Mashamba na kampuni zikapunguza watu, na waliobaki mishahara yao ikakatwa. Lakini kodi ya serikali haikungoja: shilingi 12 kwa mwaka kwa mwanamume mzima, na kipande kikining'inia shingoni. Wengi hapa Nairobi walilala mahali walipopewa na mwajiri. Kazi ikiisha, kitanda nacho kimeisha. Na ukipatikana mjini bila kazi wala pa kulala, sheria ya uzururaji ilikungoja.

Haikuwa Nairobi peke yake. Miaka hiyohiyo kule Marekani, katika milima ya Appalachia, wachimba makaa ya mawe wa Kentucky na West Virginia walikuwa na shida ya namna hiyo. Nyumba ilikuwa ya kampuni, duka la kampuni, na mara nyingi hata mshahara ulilipwa kwa sarafu za kampuni zisizopokelewa duka lingine. Mgodi ukifungwa, familia ilipoteza kazi, paa na duka kwa mpigo. Walichobaki nacho ni bustani ya nyuma ya nyumba na mtu wa jirani.

Hapa kwetu mtu aliyefukuzwa kazi alikimbilia wapi? Wengi walikuja Majengo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakoloni waliwahamishia watu hapa kutoka vijiji vya zamani vya Nairobi, kama Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburini. Manispaa ilikodisha viwanja tu. Nyumba watu walijijengea: kuta za fito na udongo, na paa la debe zilizopasuliwa zikanyooshwa. Vyumba vikapangishwa. Na kati ya kila wenye nyumba watano, karibu wawili walikuwa wanawake.

Wanawake hao walikuwa nani? Wengi walitoka bara peke yao, wengine wamekimbia ndoa, wengine njaa. Hapa mjini wakaslimu, wakachukua majina mapya, wakazungumza Kiswahili. Kuna waliokosa watoto wa kuzaa wakalea wa wenzao, na wakifa wakawaachia nyumba. Mkikuyu, Mluo, Mkamba, Mnandi, wote walipita kwa vyumba vile, watu wengi chumba kimoja. Kulikuwa na uji wa kuuziwa, na kulikuwa na mtu wa kukuzika ukifa mbali na kwenu.

Sitawapaka rangi. Kodi ya nyumba walidai, na walikuwa wafanyabiashara kweli. Wengine walipika pombe, na ilikuwa marufuku kwao, ingawa manispaa yenyewe iliendesha kilabu chake cha pombe humuhumu Pumwani. Wengine waliuza miili yao, na nyumba zao zikajengwa kwa pesa hizo. Dhambi ni dhambi, na mimi nahubiri wokovu. Lakini sitakaa kimya juu ya jambo hili: saa ile mzee wa familia fulani, aliyekuja Nairobi bila senti, alihitaji pa kuweka kichwa, mlango uliofunguka haukuwa wa kanisa. Ulikuwa wa mama mmoja wa Majengo.

Wangapi humu ndani ni wajukuu wa mzee kama huyo? Usiinue mkono. Jijibu mwenyewe.

Na mambo hayo hayakuisha na wakoloni. Juzijuzi dada mmoja wetu alirudi kutoka Gikomba akakuta kufuli mpya kwa mlango wake. Kodi ya miezi miwili. Watoto wamekaa nje na vitabu. Aliyewaingiza ndani ni mama wa chumba kinachofuata, mama wa buibui, ambaye yeye mwenyewe anauza viazi karai kando ya barabara. Siku tatu watoto wa mshirika wetu walikula kwa sufuria yake. Hakuuliza wanasali wapi. Huyo dada alisimama hapa akashuhudia, na nyinyi mlipiga makofi. Je, makofi hayo tulimpigia Mungu wa kutoa upande mmoja tu?

Kuna ndugu atanijibu kwa Wagalatia 6:10, kwamba tutende mema hasa kwa walio wa nyumba ya imani. Amina, ndugu, umesoma vizuri. Lakini Paulo alianza kwa kusema watu wote, ndipo akasema hasa. Hasa si sawa na peke yao. Mama ana jukumu kwanza kwa mtoto wake, lakini mtoto wa jirani akianguka mtaroni, hatamwacha huko eti si wake.

Na Yesu mwenyewe? Alimtaja huyu mjane wa Sarepta akiwa sinagogi la Nazareti, nyumbani kwao. Aliwakumbusha kwamba wajane walikuwa wengi Israeli na Mungu akamtuma Eliya kwa wa nje. Mnajua walifanya nini? Walimtoa mjini wakataka kumsukuma mlimani! Mahubiri haya hayakupendwa hata yalipohubiriwa na Mwana wa Mungu. Kwa hivyo mkinikunjia uso leo, sitashangaa.

Hofu inayobaki ni moja: unga utaisha. Angalia muujiza vizuri. Mungu hakumletea yule mama gunia. Hakuna mahali imeandikwa pipa lilifurika. Kila asubuhi aliinama, akakuta kiasi cha siku hiyo. Kesho yake akainama tena. Hiyo ndiyo imani ya watu wa kununua unga wa kupimiwa. Sisi ambao tunaishi kwa siku tunaielewa kuliko tajiri mwenye stoo.

Basi hili ndilo jibu letu kama wazee. Kikapu ni cha mwenye njaa. Mshirika akikosa, atapewa, na hataaibishwa. Jirani wa msikitini akikosa, atapewa. Mlevi akikosa chakula cha watoto wake, watoto watapewa. Na unga huu usifanywe chambo. Mtu asiambiwe aombe kwanza sala ya toba ndipo apewe pakiti. Yule mjane alilisha na kulishwa siku nyingi kabla ya kukiri kwamba neno la Bwana ni kweli. Soma mpaka mstari wa 24. Eliya hakumficha Mungu wake, wala hakumwuzia mtu mkate kwa ungamo. Nasi tukiulizwa kwa nini tunatoa, tutalitaja jina la Yesu bila aibu.

Msikiite kikapu hiki msaada. Kiiteni deni. Sisi tulikula kwanza.

Wiki hii kila nyumba ifanye mambo mawili. Kwanza, ujue jina la mtu wa mlango wa pili, sio "Mama Nani" tu, na ujue kama amekula. Pili, ukipima unga wa ugali, toa konzi moja uweke kwa karatasi, ulete Jumapili. Asiyekuwa na konzi alete habari ya mwenye njaa. Hiyo pia ni sadaka.

Tuombe. Baba, uliyemlisha mtumishi wako kwa mkono wa mgeni, wabariki waliotufungulia milango hapa Majengo kabla hatujakujua. Mkumbuke yule mama wa viazi na watoto wake. Utuondolee macho ya kuchagua, na pipa letu lisikauke mpaka siku utakapoleta mvua. Kwa jina la Yesu. Amina.