Deni la Nyumba ya Wageni

Katika mfano wa Msamaria mwema, tunaousoma katika Injili ya Mtakatifu Luka sura ya kumi, kuna mtu mmoja ambaye wahubiri wetu aghalabu humpita kando, kama vile kuhani na Mlawi walivyompita yule majeruhi. Mtu huyo ni mwenye nyumba ya wageni. Twasikia mengi juu ya mafuta na divai, na juu ya mnyama aliyembeba mgonjwa. Lakini tufikiri kidogo. Kama njia ile ya Yeriko isingalikuwa na nyumba ya wageni, Msamaria angalimpeleka wapi mtu wake? Angalimfunga majeraha, angalimpandisha juu ya mnyama wake, na pengine mwisho angalimzika. Huruma yake ilipata mahali pa kutua kwa kuwa mtu mwingine, siku nyingi kabla, alikuwa amekwisha kujenga nyumba, akatandika vitanda, akawasha taa. Tena Msamaria alitoa dinari mbili, akaahidi kulipa lolote litakalozidi. Hakumwambia mwenye nyumba afanye kazi hiyo kwa moyo mwema tu.

Mfano huu twauleta mbele ya wasomaji wetu kwa ajili ya Mbagala. Mtu apitaye asubuhi mapema katika barabara ya Kilwa, akaingia ndani kuelekea Charambe, Chamazi au Mbagala Kuu, ataona kwamba mabenchi ya zahanati na vituo vya afya yamekwisha kujaa kabla jua halijawa kali. Wamo akina mama wenye watoto wa kupimwa uzito na kupewa chanjo. Wamo wajawazito na kadi zao zilizofungwa katika kanga. Wamo wazee wa shinikizo la damu na kisukari. Yumo kijana anayetetemeka kwa homa, akingoja kutobolewa kidole apimwe malaria. Wamo pia wale wanaokuja kimya kimya kuchukua dawa zao za UKIMWI za kila mwezi, wasiotaka kutazamwa usoni. Watu wa Mbagala hawajasahau Oktoba 2012, makanisa kadhaa yalipovamiwa na kuharibiwa baada ya ugomvi wa watoto wawili juu ya Msahafu. Basi katika benchi lile mama Mkristo humpa mama Mwislamu mtoto wake amshikie, aende kuitikia jina lake dirishani, wala hakuna anayeona ajabu.

Wilaya ya Temeke, ambayo Mbagala ni sehemu yake, ilihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya milioni 1.3. Kwa kawaida ya mipango yetu, kituo kimoja cha afya hukusudiwa kuwahudumia watu wapatao 50,000. Msomaji na apige hesabu mwenyewe, kisha ajiulize kwa nini foleni ni ndefu.

Swali tunalotaka kuliuliza si la Waganga Wakuu wala la Wizara. Ni swali la dhamiri, nalo ni hili: Je, mtu mzima wa afya, asiyekihitaji kituo hicho leo, na pengine asiyekusudia kukitumia kamwe, anadaiwa chochote nacho? Au kukisaidia ni hisani tu, ambayo akitoa ni vema na asipotoa hana kosa?

Wengi wetu, tukiulizwa ghafula, tutajibu kuwa ni hisani. Tumezoea kufikiri hivyo. Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo mgonjwa akilazwa, twapitisha kikapu, nasi twatoa kwa moyo. Penye msiba twatoa. Penye harusi twatoa zaidi, na kadi ya mchango wa harusi ina nguvu kuliko hati ya mahakama: mtu atakopa ili asionekane hakutoa. Lakini michango hii yote, hata ile iliyo mizuri kabisa, huanza kukusanywa baada ya jambo kutukia. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane huko Chamazi, damu ikaanza kumtoka isikome, hawezi kungoja kikapu kipite. Kwake yeye tofauti ya uhai na mauti ni kama mkunga yupo zamu, kama dawa ya kuzuia damu ipo katika jokofu, kama chumba cha upasuaji kina umeme, na kama gari la kumpeleka mbele lina mafuta. Mambo hayo manne ama yaliwekwa tayari mwezi uliopita, ama hayapo.

Kwamba yakiwekwa huokoa, hilo halina ubishi tena. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16, ilikisiwa kwamba kina mama 556 walikuwa wakifa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 wakawa 104. Wataalamu waweza kubishana juu ya kiasi kamili cha upungufu huo, maana hesabu za namna hii zina makisio ndani yake. Lakini katika muda huo huo watoto waliozaliwa katika vituo vya tiba walipanda kutoka 63 hadi 81 katika kila 100, na vituo vya afya vingi vilipewa vyumba vya upasuaji wa dharura ambavyo kwanza vilikuwa katika hospitali tu. Wala jambo hili halikubuniwa jana. Mataifa yalipokutana Alma-Ata mwaka 1978 na kutangaza kwamba afya ya watu huanzia pale wanapoishi, nchi yetu ilikuwa imekwisha kuishika njia hiyo tangu baada ya Azimio la Arusha, ikitanguliza zahanati na vituo vya afya. Baadaye, mwaka 2007, ukaanza mpango wa kuweka zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Shabaha hiyo haijatimizwa yote, lakini njia ilikuwa ya haki.

Sasa basi, kitu ambacho kisipowekwa tayari mtu hufa, na ambacho hakuna mtu mmoja awezaye kukiweka peke yake, hakiwezi kuitwa hisani. Baba Mtakatifu Yohane wa Ishirini na Tatu, katika barua yake juu ya amani ya mwaka 1963, aliyataja matibabu pamoja na chakula, mavazi na makao kuwa ni mambo ambayo mwanadamu ana haki nayo kwa kuwa ana haki ya kuishi. Na penye haki ya mmoja pana wajibu wa wengine. Huu ndio msingi wa neno letu: kituo cha afya twakidai, nacho chatudai.

Tutajibiwa: Nimekwisha kulipa. Kodi natoa, na nikienda kituoni naambiwa dawa hakuna, nikanunue duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Jibu hili hatulidharau hata kidogo. Mtu aliyelipa kisha akanyimwa ana haki ya kukasirika, na hasira yake yaweza kuwa na manufaa kuliko kunyamaza kwa wengine. Wasomaji watakumbuka tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, na malalamiko yaliyoifuata. Malalamiko yale hayakuwa ya bure, maana tozo ile ilimfuata mtu kwa kiasi alichotuma, si kwa kiasi alichonacho. Na fundi anayemtumia mama yake fedha kijijini hakuwa tajiri kwa kuwa alituma. Serikali iliipunguza, na mwaka 2023 ikaifuta ile ya kutuma fedha. Hata hivyo haki yataka tuseme na upande wa pili. Kwa fedha za tozo hiyo vilijengwa vituo vya afya zaidi ya 200 katika nchi, na katika kila tofali la vituo hivyo imo sarafu ya muuza mboga. Twaona ni ajabu kwamba watu waliolipa kwa uchungu namna hiyo hawaendi kuangalia kile walichokilipia.

Tena kuna kasoro nyingine, nayo ni yetu sote, watawala na raia. Jengo jipya huzinduliwa kwa ngoma na utepe. Hakuna akataye utepe kwa ajili ya glavu, au kwa ajili ya mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku. Viongozi wa Afrika waliokutana Abuja mwaka 2001 waliahidi kutenga kwa ajili ya afya sehemu 15 katika kila 100 za bajeti zao. Tanzania ilikuwamo, na mpaka leo haijafika hapo. Kwa miaka ishirini hivi sehemu kubwa ya dawa na upimaji wa UKIMWI imelipiwa na watu wa Marekani. Januari 2025 Serikali yao ilipousimamisha ghafula msaada wake wa nje, wengi katika yale mabenchi tuliyoyataja walikaa wakijiuliza kama mwezi ujao dawa itakuwapo. Hatuwalaumu waliotoa kwa miaka yote hiyo, twawashukuru. Lakini nyumba ya wageni ambayo dinari zake zote hutoka kwa wapita njia yaweza kufungwa siku yoyote ambayo wapita njia wamebadili njia.

Hapa ndipo inapoingia habari ya bima, ambayo wengi huiona ni habari ya fedha, nasi twaiona ni habari ya upendo na haki. Fikirini yaliyoupata mpango wa kadi za watoto. Mzazi aliweza kumkatia mtoto mmoja bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa uliusimamisha utaratibu huo wa kumwandikisha mtoto mmoja mmoja, ukisema kwamba waliokuwa wakiandikishwa zaidi ni watoto waliokwisha kuugua, hata matumizi yakayapita mapato mbali sana. Uamuzi ule uliwaumiza watoto wasio na kosa, wakiwamo wa maradhi ya moyo na saratani, na tungalitamani ingalitafutwa njia nyingine kwanza. Lakini tuseme kweli: wazazi wa watoto wazima walikuwa wapi? Walikuwa wakisema, kama tusemavyo sote, Mwanangu haumwi, nilipe ya nini? Ndiyo kusema kila mmoja alingoja mpaka awe majeruhi ndipo aijenge nyumba ya wageni. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria yaweza kumlazimisha mtu kulipa. Haiwezi kumfanya afurahi kwamba mwaka umepita na fedha yake imetumiwa na jirani, yeye hakuugua. Furaha hiyo ni kazi yetu sisi tunaofundisha katekisimu.

Wako ndugu zetu wengine, na wengi wao ni wasomaji wa gazeti hili, ambao Mungu amewajalia uwezo wa kwenda hospitali za kulipia. Hawafanyi dhambi. Hospitali hizo zilipokatazwa mwaka 1977, hata zikaruhusiwa tena mwaka 1991, umma haukupata faida kubwa kwa katazo lile. Hata Kanisa letu lina hospitali zake, na tangu mwaka 1992 liko katika mapatano ya maandishi na Serikali juu ya huduma hizo. Lakini wenye uwezo wakiondoka huondoka na kitu kingine zaidi ya ada zao. Huondoka na sauti zao. Mwalimu, karani, mfanya biashara, mtu ajuaye kusoma hesabu na kuuliza swali mbele ya ofisa bila kuogopa, akishaacha kukaa katika benchi lile, benchi hubaki na watu ambao wamezoea kunyamaza. Tumeogopa kuliandika neno hili, kwa kuwa latuhusu sisi wenyewe.

Twakumbuka tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka hapo Mbagala, watu zaidi ya 20 wakafa na mamia wakajeruhiwa. Siku kama ile hakuna aulizaye nani analipa, nani ni wa kata gani, wala kama yeye mwenyewe hutumia hospitali ya Serikali au ya kulipia. Kila mtu huuliza jambo moja tu: wako wapi waganga? Lakini maafa ya kawaida hayatoi mlio. Mtoto akifa kwa nimonia katika chumba cha kupanga huko Kilungule, kishindo chake hakisikiki mpaka Kariakoo.

Sasa tuje kwenye jambo lililo karibu kabisa. Kila kituo cha afya cha Serikali chapaswa kuwa na kamati ya usimamizi, na ndani yake wamo wananchi waliochaguliwa na wenzao. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za mfuko wa pamoja wa afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, badala ya kukaa Halmashauri; na mpango wa kuzitumia hupita mbele ya kamati hiyo. Yaani swali la glavu, la dawa na la mafuta ya gari huulizwa mara ya kwanza katika chumba kidogo hapo hapo Mbagala, mbele ya watu wachache, wengine wao wakiwa wajirani zetu. Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Moja alifundisha mwaka 1931 kwamba jambo ambalo wadogo waweza kulifanya, wakubwa wasiwanyang'anye. Hapa wakubwa, kwa mara moja, hawakulinyang'anya. Swali ni kama wadogo watalipokea.

Tumeuliza katika Jumuiya kadhaa za huko kama kuna amjuaye mjumbe wa kamati ya kituo chao. Walitazamana. Katika Jumuiya moja mama mmoja mzee, aliyekuwa amekaa pembeni akichambua mchele, alisema kwamba tangazo la uchaguzi wa wajumbe alikuwa ameliona yeye mwenyewe, limebandikwa ukutani karibu na dirisha la dawa, siku alipokwenda kupimwa shinikizo la damu. Alikuwa hana miwani, akamwomba kijana amsomee. Siku ya mkutano ilikuwa imekwisha kupita.