Tanga la mwanga linamsafiria nani?

Mwanga wa jua husukuma. Mwanafalaki Kepler aliliwaza hilo zamani, alipoona mikia ya nyota zenye mkia ikielekea mbali na jua. Msukumo wenyewe ni hafifu: hapa ilipo Dunia, tanga la mita moja ya mraba halipati hata mikronyutoni 10. Lakini haudai tone la mafuta.

Mwaka 2019 LightSail 2, chombo chenye ukubwa wa mkate wa boflo, kilikunjua tanga la mita 32 za mraba na kubadili njia yake kwa mwanga mtupu. Gharama zilichangwa na watu wa kawaida. Novemba 2022 kiliungua angani.

Sasa wapo wahandisi wa NASA wanaowaza makubwa zaidi: matanga yapite kwanza karibu na jua, penye msukumo mkali, kisha yachape mwendo hadi mara 550 ya umbali wa Dunia na jua. Huko uvutano wa jua hukuza kama lenzi sura za sayari za mbali. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa 1977, hakijafika hata nusu ya safari hiyo.

Je, ni haki kutumia fedha za walio hai kwa picha watakayoiona wajukuu? Uislamu unaitambua sadaka ya jariya, yaani yenye kuendelea, kama kuchimba kisima, na kando yake elimu yenye manufaa, kuwa thawabu isiyokatika kwa kifo. Sawa, ila kisima hunywesha watu; picha ya sayari je? Aristotle angejibu kwamba binadamu hutamani kujua kwa maumbile yake, basi. Jibu hilo linamtosha aliyechangia kwa hiari. Mlipa kodi, ambaye hakuulizwa, bado anadai hoja nyingine.