Hayakuonekana, au Hayamo?

Babu mmoja kutoka Pemba aliniletea maabarani chupa ya mafuta ya karafuu iliyofungwa kitambaa. Mnunuzi alimtuhumu kuwa kayatia mafuta ya kupikia. "Mwanangu," akaniambia, "niandikie tu kuwa ni safi."

Mashine ya infraredi haianzi na mafuta ya mtu. Kwanza hupimwa hewa tupu, ili isije ikahesabiwa kuwa sehemu ya mafuta. Nilipoinama kuipangusa almasi yake inayowekewa mafuta, nikahema, mstari wa mchoro ukazama kwenye namba 2349. Ni hewa ya ukaa, pumzi yangu mwenyewe. Nikasubiri itawanyike, ndipo nikadondosha tone.

Vifungo kati ya atomi vina mitikisiko yao, na vingi hunywa mwanga unaolingana nayo. Yujenoli, iliyo nyingi zaidi katika mafuta ya karafuu, ilijitambulisha: bonde pana karibu na 3500, jingine lenye ncha kwenye 1514. Kisha nikaona bonde jirani na 1750. Mafuta ya kupikia huzamia huko huko. Moyoni nilishahukumu: babu kachanganya.

Nilipoukuza mchoro, namba ikasoma 1765, wala si 1745 ya mafuta ya kupikia. Hiyo ni asetati ya yujenoli, ambayo karafuu huizaa yenyewe, na makonyo, yaani vikonyo vyake, huwa nayo kidogo. Nilichokidhania uchafu kilikuwa dalili kwamba babu ametumia karafuu zenyewe, si makonyo. Na lau ningeyasafisha mafuta yale ibaki yujenoli peke yake, ningepata kemikali safi isiyokuwa tena mafuta ya karafuu.

Hata hivyo, kijiko cha mafuta ya kupikia ndani ya debe zima kingenipita bila kukiona. Madrasani tulifundishwa kwamba kadhi huhukumu ya dhahiri, na ya ndani ni ya Mungu. Nilikuwa nikidhani hiyo ni huruma kwa mshitakiwa. Siku ile niliiona ni adabu ya anayehukumu: ajue jicho lake linaishia wapi, na pumzi yake imeingia wapi.

Nikaandika: "Mafuta ya kupikia hayakuonekana."

Babu akasoma polepole. "Hayakuonekana, au hayamo?"

"Hayakuonekana ndiyo yangu, babu. Hayamo ni yako wewe na Mola wako."

Akacheka, akaifunga tena chupa kwa kitambaa chake.